Miwani inayobadilika, miwani ya bahari na lenzi za harusi: zijaribu kabla hujatoa pesa

Wiki hii nimeulizwa mara tatu suali moja, "eti ile miwani inayokua nyeusi juani ni nzuri?" na kila nikianza kujibu naona mtu anachanganya mambo matatu ambayo hata hayajuani. Kwahiyo naandika mara moja, atakaeuliza tena ntamtumia hii hii.

Mambo yenyewe ni haya. Kuna kiza, yaani lenzi inapunguza mwanga usikuumize. Kuna UV, hiyo ni mionzi ya jua ambayo huioni kabisa, haina rangi, na ndio inayokula macho taratibu miaka na miaka. Halafu kuna mng'aro, ule mwanga unaoruka kutoka juu ya maji au lami au boneti la gari ukakupiga usoni kama kofi. Lenzi moja inaweza kufanya kazi zote tatu, nyengine inafanya moja tu, na ukiitizama kwa macho tu hujui ni ipi. Lenzi nyeupe pee inaweza kuzuia UV yote, na lenzi nyeusi kama mkaa inaweza kuipitisha. Muuzaji atakwambia "hii kali bro, nyeusi hii", sasa weusi wa nini.

Mie mwenyewe nishaliwa. Nilinunua miwani nyeusi kwa mtu aliekua kaitandaza barabarani mjini, elfu kumi, ina stika ya UV400 inang'ara, nikaivaa kaskazi nzima naiona poa tu. Siku nikaipitisha chini ya taa ya kukagulia noti kwenye duka la jamaa yangu, alama za noti zikawaka vilevile kama sijaweka kitu, stika ilikua karatasi tu. Na ubaya wa miwani kama ile ni kwamba ni afadhali hata usingevaa, kwasababu ukivaa kiza mboni inatanuka ipate mwanga zaidi, na hapo macho hayakunji tena, kwahiyo UV inapata mlango mpana wa kuingilia.

Na huku kwetu si jambo la mzaha. Unguja na Pemba tuko digrii 5 mpaka 6 hivi kusini ya ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mchanga mkavu wa pwani unarudisha kama asilimia 15 ya UV, mapovu ya bahari yanafika asilimia 25, yaani hata ukivaa kofia bado unapigwa kutoka chini. Watizame wavuvi na kinamama wa mwani waliokaa majini miaka ishirini, wengi wana kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho upande wa pua kikatambaa kuelekea kwenye mboni. Ami yangu wa Mkokotoni anacho jicho la kulia, anasema ni chumvi. Chumvi na upepo na vumbi vina mchango wao, lakini jua ndio kubwa lao.

Haya tuje kwenye kujaribu.

UV kwanza. Stika ya UV400 maana yake lenzi inazuia mionzi yote mpaka urefu wa mawimbi wa nanomita 400, ndio mpaka wa UV na mwanga unaoonekana. Ikiwa ni kweli basi inatosha, huna haja ya kuuziwa "UV500" wala nini. Kuhakikisha, nenda duka la miwani, mengi yana kimashine cha kupimia, unaweka lenzi dakika haifiki kinakupa asilimia, wengine hawakutozi kitu. Huna duka karibu, tafuta taa ya kukagulia noti, weka noti chini yake uone zile alama zinazowaka, kisha kinga mwanga wa taa kwa lenzi kabla haujafika kwenye noti. Alama zikizima, lenzi inazuia. Zikiendelea kuwaka, mrudishie muuzaji miwani yake. Usitumie vile vitochi vya zambarau vya bei rahisi, vingi vinatoa mwanga ulio mpakani kabisa na 400, vitakudanganya ukaitupa miwani nzuri. Na usiitizame taa yenyewe, mwanga uelekee kwenye noti.

Lenzi za polikaboneti, zile ngumu wanazotengenezea miwani ya mafundi na ya watoto, zenyewe tu zinazuia UV hata zikiwa hazina rangi yoyote. Ukipata hizo ushapumzika kwenye suala hilo.

Kiza kina namba zake, 0 mpaka 4, tafuta ndani ya mkono wa fremu. Namba 3 inapitisha asilimia 8 mpaka 18 ya mwanga, hiyo ndio ya mchana wa huku. Namba 2 inapitisha 18 mpaka 43, nzuri asubuhi na siku za mawingu ya masika. Namba 4 inapitisha 3 mpaka 8 tu, ni ya theluji na milima mirefu, marufuku kuendeshea chombo, ukiiona kwa mtu wa bodaboda mwambie aivue. Rangi nayo, kijivu haibadilishi rangi za vitu, kahawia inafanya vitu vijitenge vizuri, na njano ni ile vijana wanavaa usiku eti inakata taa za gari zinazokuja. Haisaidii. Imepimwa, waliovaa njano hawakumuona mtembea kwa miguu mapema zaidi, na lenzi yoyote yenye rangi usiku inakupunguzia mwanga ambao tayari ni mchache, na barabara zetu za shamba hizo mnazijua, ng'ombe kalala katikati.

Sasa miwani inayobadilika yenyewe, fotokromiki.

Ilianzia kwenye vioo, kampuni ya Corning ya Marekani miaka ya 1960, walitia chembe ndogo mno za madini ya fedha ndani ya kioo, UV ikizipiga zinakua nyeusi, UV ikiondoka zinarudi. Za plastiki tunazovaa leo zilikuja sokoni kwa nguvu mwaka 1991 na kampuni ya Transitions, na hizi si fedha tena, ni rangi za kemikali ambazo molekuli yake inakua imejikunja, UV inaipiga inafunguka kama mwavuli, ikifunguka inaanza kumeza mwanga. Joto linaukunja ule mwavuli urudi.

Hapo pa joto ndipo watu wa huku wanapolia. Ukitizama tangazo lake utaona mtu wa Ulaya kavaa koti zito, miwani nyeusi tititi. Weye unaivaa Januari saa saba mchana Michenzani unaona imekua kijivu kijivu tu unarudi kugombana na fundi. Fundi hana kosa. Jua linaufungua mwavuli, joto linaukunja, kwenye baridi jua linashinda na kwenye joto wanagawana. Kwahiyo huku tegemea kiza cha wastani, cha kwendea sokoni na skuli na kazini. Mtu wa baharini siku nzima, hii peke yake haimtoshi. Faida yake kwetu ni kwamba ukiingia ndani inakua nyeupe haraka kuliko kule kwao, joto hilohilo linaikunja.

Kujaribu dukani ni rahisi na inapendeza hata kuangalia. Chukua shilingi mia mbili, ile yenye Mzee Karume, iweke juu ya lenzi, toka nayo mpaka mlangoni penye jua, hesabu dakika moja mpaka mbili. Inua shilingi. Lenzi nzima imekua nyeusi na pale ilipokaa shilingi pamebaki duara jeupe limekatika vizuri kama mwezi kumi na nne. Ingia ndani utizame, mwezi unafifia mpaka unapotea wote na kiza chake, dakika chache tu. Ukiinua shilingi usione mwezi, ile ni lenzi ya kawaida iliyopakwa rangi, au ni fotokromiki iliyokaa mno dirishani imechoka. Zinachoka kweli, miaka miwili mitatu ya kuvaliwa kila siku utaona haifiki weusi wa zamani na ndani haiwi nyeupe sawasawa, ina unjano unjano.

Kabla ya kununua jua pahala isipofanya kazi. Kioo cha mbele cha gari kinazuia UV nyingi, kwahiyo dereva atakaa jua limemkabili usoni na miwani yake nyeupe, lenzi haijapata habari kama kuna jua. Kofia ya bodaboda ukishusha kioo chake cha plastiki mambo ni yaleyale. Lakini abiria wa daladala ya mbao iliyo wazi ubavuni, yeye inambadilikia vizuri tu. Dereva atafute miwani ya jua ya kawaida, namba 2 au 3, aiweke garini.

Na lenzi hizi za fotokromiki zinaweza kutiwa namba yako ya macho, ndio raha yake kubwa, miwani moja badala ya mbili. Ukienda kupima macho waambie mapema, wasije wakakukatia nyeupe.

Miwani ya bahari, polaraizi. Hii kwangu mimi ndio inayofaa watu wengi zaidi visiwani na ndio isiyojulikana.

Mwanga wa jua unatikisika kila upande. Ukigonga maji na kuruka, unaoruka unakua umelala, unatikisika upande upande sambamba na maji. Lenzi ya polaraizi ndani yake ina kitu mfano wa ukuti uliosukwa kwa mistari ya upande mmoja, inauruhusu uliosimama na inaukataa uliolala, basi mng'aro wote unabaki nje na weye unaona ndani ya maji. Alieanzisha karatasi hiyo ya polaraizi ni Edwin Land, Mmarekani, mwaka 1929. Mara ya kwanza nilimvalisha ami yangu juu ya mwamba maji yametoka, kapiga magoti kachungulia chini, akavua, akavaa tena, akavua, kisha akanambia nisogee pembeni nisimkingie, akachokoa pweza wawili kwenye tundu moja ambalo sote tulishalipita. Nilimwambia ainamishe kichwa begani kama anaelala, mng'aro ukarudi wote, akainua kichwa ukaondoka. Alicheka sana, akadhani nimetia betri.

Inakata vizuri zaidi ukiyatizama maji kwa mshazari, si wima chini ya miguu yako na si mbali kwenye upeo. Kwa maji pembe yenyewe ni kama digrii 53 ukipima kutoka kwenye mstari wa wima. Jua likiwa la utosi na weye umeinamia maji moja kwa moja utaona tofauti ndogo, usiseme umeibiwa.

Kujaribu, usiamini ile picha ndogo wanayokupa dukani "unaona samaki?" maana picha ile inakuja na miwani hata kama ni feki. Omba kalkuleta ya mwenye duka, ile ndogo anayopigia hesabu. Iwashe, itizame kupitia lenzi moja, kisha izungushe miwani taratibu kama usukani. Ikiwa ni polaraizi ya kweli itafika pahala namba zote zinapotea, kioo kinakua cheusi chote, ukizidi kuzungusha zinarudi. Haibadiliki chochote? Basi ni plastiki nyeusi tu. Simu nayo inafanya kazi lakini simu nyengine zinabadilika kidogo tu, kalkuleta haina longolongo. Jaribu lenzi zote mbili, nishaona miwani lenzi ya kulia inakata na ya kushoto haikati, sijui ilipita wapi.

Tahadhari yake ni mbili. Mwenye boti akivaa anaweza asione skrini ya jipiesi, kile kifaa cha kuonesha njia, afundishwe kuinamisha kichwa kidogo. Na barabara ikinyesha, ule mng'aro wa maji au oili ndio unaokwambia panateleza, polaraizi inauficha, wa pikipiki awe makini. Tena kumbuka polaraizi si UV, ni mambo mawili, noti na taa bado vinahusika.

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu ya kompyuta na simu, hapa ntapita haraka. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, walikusanya tafiti zilizopo wakaona kwa muda mfupi haipunguzi uchovu wa macho kuliko lenzi ya kawaida. Unachoka zaidi kwasababu ukitizama skrini hupepesi macho vya kutosha. Pepesa, tizama mbali, pesa yako kaitie kwenye polaraizi.

Mtu mwenye ualbino yeye mwanga unamuumiza kweli, hapaswi kubahatisha barabarani, aende kitengo cha macho achaguliwe rangi na kiza kwa kupimwa, na kofia yenye ukingo mpana juu yake. Na kama kuna kupatwa kwa jua hakuna miwani hata moja katika hizi inayofaa kulitizama jua, wala polaraizi wala mbili juu ya moja, kuna miwani maalumu ya kazi hiyo, alama yake ISO 12312-2.

Lenzi za ndani ya jicho sasa, maana msimu wa harusi kila bibi harusi anataka macho ya kijivu.

Kwanza zilishawahi kutoka zinazobadilika kiza kama miwani. Aprili 2018 FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa vya tiba, iliipitisha ya kwanza, Acuvue Oasys yenye Transitions, ndani ilikua inakata mwanga mpaka asilimia 15 na juani mpaka asilimia 70. Lakini lenzi laini inafunika kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, na ukingo wake kidogo tu, weupe uliobaki na kope viko nje, na kile kinyama cha ami yangu kinaanzia kwenye weupe. Wenye kuitengeneza wenyewe walisema si badala ya miwani ya jua. Kwahiyo hata ukiletewa na shangazi kutoka nje, miwani yako endelea nayo.

Za rangi zile kazi yake si kuchuja mwanga, ni pambo. Zile za kubadilisha macho meusi zina rangi iliyochapwa doti doti, katikati wameacha duara wazi la kuonea. Usiku mboni inatanuka inalipita lile duara, ndio maana unaona kama ukungu pembeni, kwahiyo bibi harusi asiendeshe gari, ingawa sijawahi kumuona anaendesha.

Dada zangu, hata kama namba yako ni sifuri lenzi ni lazima ilingane na jicho. Kwenye kisanduku kuna BC, mfano 8.6, huo ni mkunjo wake kwa milimita, na DIA, mfano 14.2, huo upana. Jicho lako lina mkunjo wake, lenzi ikibana jicho linakosa hewa. Marekani tangu 2005 hata za pambo zinahesabiwa kifaa cha tiba na haziuzwi bila cheti cha mpima macho, huku kwetu unazipata pamoja na wanja na lipstiki. Kapime, angalau mara moja, na fanya hivyo wiki mbili kabla si asubuhi ya harusi.

Siku yenyewe fuata mpango huu. Osha mikono kwa sabuni isiyo mafuta, kausha kwa kitambaa kisichotoa manyoya. Piko na hina ziwe zimekauka zamani na mafuta yake yameoshwa. Iweke lenzi juu ya ncha ya kidole uitizame kwa ubavu, ikikaa kama kikombe cha kahawa iko sawa, kingo zikifunguka nje kama kisahani imegeuka. Vaa kabla ya wanja na poda, vua kabla ya kusafisha uso. Singo iishe kabla, na wakati wa kufukizwa udi fumba macho au vaa lenzi baada ya udi, ule moshi ukishaingia kwenye lenzi utalia mpaka wanja ufike kidevuni na watu waseme bibi harusi hamtaki bwana. Ukitia udhu fumba macho unapoosha uso, maji yasiguse lenzi.

Maji hasa ndio nayakazia, ya bomba, ya kisima, ya chupa, yote marufuku, na mate ndio kabisa. Ndani ya maji kuna kijidudu kinaitwa akantamiba, kikiingia kati ya lenzi na jicho kinatafuna kioo cha jicho, matibabu yake miezi na wengine wanapoteza kuona. Lenzi inaoshwa kwa solusheni yake tu, ile dawa ya maji ya kuoshea lenzi, unaisugua kiganjani hata kama chupa imeandikwa usisugue, na solusheni ya jana unaimwaga yote usiongezee juu. Kikopo chake badilisha kila miezi mitatu. Usilale nazo, na hapo ndipo bibi harusi wengi wanapokosea, wamechoka, saa tisa usiku, nani anakumbuka lenzi. Mpe somo wako, yule kungwi, kazi hiyo, akuvue yeye. Wala msiazimane, eti mdogo wako avae siku ya pili.

Jicho likiwa jekundu, linauma, mwanga unalichoma au unaona ukungu, vua lenzi hapohapo na nenda hospitali kwenye kitengo cha macho siku hiyohiyo, ichukue na lenzi yenyewe na kikopo chake wakaipime. Usitie dawa ya matone uliyobakisha nyumbani, wala maziwa ya mama, wala asali.

Kutunza miwani, ukitoka baharini iloweshe maji baridi kwanza chumvi iyeyuke, ndio utie tone la sabuni ya vyombo, kausha kwa pamba laini. Ukiifuta kavu kwa pindo la kanzu unazisaga zile chembe za chumvi juu ya lenzi. Usiiache juu ya dashibodi, joto la mle linapasua ile rangi ya juu na linaichosha fotokromiki. Na ya baharini ifunge kamba shingoni. Ile ya kwanza ya ami yangu iko chini ya bahari karibu na Tumbatu, hii ya pili kaifunga kwa uzi wa mshipi.